Baiskeli Isiyo na Tyubu

Baiskeli ile ilinifikia kwa sababu mjomba wangu ilimshinda. Alikuwa mpishi katika kambi ya wapima barabara wakati barabara kuu ya kwenda Zambia inajengwa, na mpimaji mmoja, mzungu mrefu mkimya, alikuwa na baiskeli ya mashindano aliyokuja nayo kutoka kwao. Kila jioni aliipanda, akaenda mbali, akarudi, bila kubeba kitu na bila kumtembelea mtu. Wapishi walimwona kama mgonjwa. Mkataba wake ulipokwisha alimwachia mjomba baiskeli hiyo, pampu yake, na tairi moja la akiba lililokunjwa kama mkanda. Mjomba alijaribu mara moja tu, akaingia mtaroni, akaumia kiwiko. Akaitundika stoo kwenye misumari miwili, juu ya magunia ya mahindi, na huko ikakaa mpaka nilipomaliza chuo cha ualimu na kupangiwa shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Iringa.

"Chukua," aliniambia siku aliyoishusha. "Haina keria, haina kengele, haina hata tyubu. Labda itakufaa wewe usiyeweza kukaa kitako."

Kwamba haina tyubu, kila mtu aliliamini hilo, na mimi kuliko wote. Matairi yalikuwa membamba kama kidole gumba, ya mviringo kamili kama mpira wa kumwagilia maji, yamegundishwa kwenye ringi kwa gundi. Hapakuwa na ukingo wa kuingizia kijiko cha kutolea tairi kama kwenye baiskeli zetu nyeusi nzito. Vali yenyewe ilikuwa kijisindano ambacho pampu ya fundi yeyote mjini haikukiweza. Watu waliponiuliza niliwajibu kwa majivuno kwamba ni ya kisasa, haitumii tyubu, na wao walibonyeza tairi kwa kidole, wakatikisa kichwa.

Usukani ulijikunja kama pembe za kondoo dume, kwa hiyo wanafunzi wangu waliiita Kondoo. Nilivaa suruali ya kaka yangu ndani ya gauni, nikalifunga gauni kiunoni, nikaondoka. Kinamama wa kanisani walinitazama. Sikuwalaumu. Katikati ya miaka ya sabini msichana wa Kihehe mwenye miaka ishirini na mitatu, mwalimu, mtoto wa mzee wa kanisa, hakutegemewa kuinama juu ya usukani huku mgongo umelala kama wa paka anayevizia. Lakini nilishaonja. Baiskeli ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliinyanyua kwa mkono mmoja, na kwenye lami ilikwenda bila kelele, mvumo mwembamba tu, kama mtu anayepuliza midomo yake polepole.

Siku yangu ilikuwa Jumapili. Mafuta yalikuwa yamepanda bei na serikali ilikataza magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Baada ya ibada niliteremka mlima wa mji mpaka Ipogolo, nikaingia barabara kuu, na barabara yote ile pana ilikuwa yangu. Lori moja moja lilipita, basi la abiria, kisha kimya tena. Nilikwenda mpaka Tanangozi, Jumapili nyingine mpaka Ifunda, nikageuza. Sikuwa na shughuli yoyote huko.

Desemba mwaka ule nilichumbiwa. Tulikutana kwenye semina ya elimu ya watu wazima, wiki mbili, Iringa mjini. Yeye alikuwa bwana shamba, kijana wa Kinyakyusa aliyefanya kazi Uyole kwenye mashamba ya utafiti, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu mimi mwalimu. Aliniandikia kila wiki. Barua zake zilikuwa na mambo ya kweli: viazi vimeingiwa na ugonjwa wa majani, baridi imeua maharage, jana nimekufikiria nikiwa kwenye foleni ya sukari. Nilimpenda. Naliandika hili waziwazi kwa sababu baadaye watu walisema sikumpenda.

Wazee wake walikuja kijijini kwetu. Usiku wa kuamkia siku hiyo baba alikuwa ameniita barazani.

"Unamfahamu kijana huyu?"

"Namfahamu, baba."

"Unamtaka?"

"Ndiyo, baba."

Nilijibu haraka, kama mwanafunzi anayeitwa jina kwenye rejista. Baba alinitazama kidogo kisha akasema basi, Mungu awabariki. Na kuanzia siku ile sikuweza kutulia.

Sijui nielezeje. Hakuna jambo lililonisumbua ambalo ningeweza kulitaja. Darasani nilitembea kutoka ubao mpaka mlangoni na kurudi, mpaka nikawaona watoto wanageuza vichwa wote pamoja kunifuata. Nilivunja chaki. Nilifua nguo zilizokuwa safi. Barua zake nilizisoma nikiwa nimesimama, nikazikunja, nikazifungua tena. Mwalimu mwenzangu niliyepanga naye chumba aliniambia, "Dada, kaa basi ule." Nilikaa, nikala vijiko vitatu, nikakumbuka kitu uani, nikatoka, na uani sikukumbuka ni kitu gani.

Mwezi wa tatu nilipata pancha ya kwanza. Nilibandua tairi, nikaweka lile la akiba, nikaona mambo ni rahisi. Mwezi wa tano nikapata ya pili, na sasa akiba hakuna. Mafundi baiskeli watatu walilikataa. Wa kwanza alisema tairi lisilo na tyubu halizibiki. Wa pili alisema tulijaze kamba. Wa tatu alicheka tu. Huyo wa tatu, alipomaliza kucheka, akaninyooshea kidole upande wa pili wa soko, kwenye baraza alipokaa fundi viatu.

Alikuwa Mbena wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi nyuma ya kichwa.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mwalimu. Kiatu kiko wapi?"

Nikampa tairi. Alilizungusha mikononi polepole, akabandua kwa kucha kitambaa chembamba kilichogundishwa upande wa ndani, ule unaolala kwenye ringi. Chini ya kitambaa kulikuwa na mshono, umepita tairi zima, nyuzi zimepishana.

"Nani alikwambia halina tyubu?"

"Kila mtu."

"Kila mtu hajashona kiatu." Akaleta kisu, akakata nyuzi kama urefu wa kiganja, akaingiza vidole viwili na kuvuta. Kikatoka kitu chembamba chekundu, kama utumbo wa kuku. "Tyubu hii hapa. Imeshonewa ndani, basi."

Niliona aibu, halafu hasira, kana kwamba mpimaji yule alinidanganya, mtu ambaye hajawahi hata kuniona. Mwaka mzima nilikuwa nimewaambia watu haina tyubu. Fundi hakunijali. Alitumbukiza tyubu kwenye karai la maji, akaona mapovu yanakotoka, akakwangua, akapaka solusheni, akabandika kiraka kidogo kama ukucha. Mimi nilisimama, nikaenda kutazama nyanya za jirani, nikarudi, nikaenda tena.

"Mwalimu, unanitia kizunguzungu. Kaa."

"Nimekaa darasani wiki nzima."

"Walimu hawakai darasani." Akasogeza kigoda kwa mguu. "Kaa hapa. Shika msharasi huu wa kutobolea. Utashona mwenyewe."

"Mimi?"

"Wewe ndiye unayekwenda nalo huko Ifunda. Mimi sitakuwepo."

Kumbe alikuwa akiniona nikipita. Alinifundisha Jumamosi mbili. Kutoboa kwenye matundu yaleyale ya zamani ili kitambaa kisichanike. Kupitisha uzi wa katani kwenye nta mara tatu. Kuweka kipande cha ngozi laini kati ya sindano na tyubu, maana ukiichoma tyubu umerudi mwanzo. Nilikuwa fundi mbaya. Nilivuta kwa nguvu, nikakata uzi, nikaanza tena. Alinipa msharasi wa zamani wenye mpini uliopasuka, sindano iliyopinda, uzi, donge la nta, viraka na solusheni kidogo, akavifunga kwenye kitambaa.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita ikaja barua fupi kuliko zote. Nyumba imepatikana, aliandika. Vyumba viwili, bati. Harusi iwe mwezi wa tisa, wazee wamekubali. Nitakuja kukuona Agosti.

Likizo ilikuwa inaanza Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliondoka kwenda Mbeya kwa baiskeli.

Miaka ya baadaye baba aliniuliza mara nyingi kwa nini sikupanda basi. Nilimjibu kwamba kondakta alikuwa mtu wa kijijini kwetu na habari zingefika nyumbani kabla sijafika Mafinga, na huo ulikuwa ukweli. Lakini ukweli mwingine ni kwamba nisingeweza kukaa ndani ya basi kutwa nzima nikitazama kisogo cha mtu. Nilitaka kumkuta anapoishi bila yeye kunitarajia, nione. Nione nini, sikujua. Mwenzangu wa chumbani nilimwambia naenda Mafinga kwa rafiki tuliyesoma naye chuo, na kweli usiku wa kwanza nililala huko. Yule rafiki alinikanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi na kuniuliza kama nimegombana na mchumba. Nikasema hapana. "Basi?" akauliza. Nikasema miguu inauma, nilale.

Siku ya pili ilikuwa ya upepo. Anayeijua Makambako mwezi wa sita anajua nisemacho. Upepo ulikuja kutoka mbele na ubavuni, ukanisukuma kuelekea kwenye malori, na baridi ikaingia masikioni mpaka taya zikaniuma. Nililala kwenye nyumba ya wageni iliyojaa wafanyakazi wa reli, mlango nimeuegemezea baiskeli, na alfajiri nikaondoka bila kunywa chai, kwa sababu sikuweza kusubiri maji yachemke.

Kutoka Makambako barabara inashuka kuelekea Usangu. Kila kilomita joto linaongezeka, nyasi zinakuwa za njano, na huna haja ya kukanyaga pedeli. Nilivua sweta huku naendesha. Nilikuwa naimba, nadhani. Kilomita chache kabla ya Igawa gurudumu la nyuma likaanza kuyumba, nikasikia ringi inagonga lami. Nikasimama.

Mwiba ulikuwa bado umo, mweupe, mrefu kama sindano. Nilikaa kwenye kidaraja cha zege kilichopitisha mfereji mkavu, nikafungua kile kitambaa changu cha vifaa. Saa tano mchana. Hakuna kivuli. Nilikata nyuzi nyingi mno kwa haraka, mshono ukafunguka mara mbili ya nilivyohitaji. Tundu la tyubu nililitafuta kwa mate. Kiraka kikashika. Lakini kila nilipoanza kushona nilivuta kwa nguvu, uzi ukakatika, nikatupa tairi chini, nikasimama, nikatembea hatua ishirini barabarani, nikarudi.

"Unashona nini?"

Alikuwa mwanamke wa umri wa mama yangu, au mdogo kidogo, amevaa kaniki, kichwani ana kibuyu kikubwa cha maziwa. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya kaskazini, ya kuvuta maneno.

"Shikamoo, mama. Nashona gurudumu."

"Marahaba. Gurudumu linashonwa?"

"Hili linashonwa."

Alitua kibuyu, akakaa karibu nami bila kukaribishwa, akashika tairi kwa mikono miwili na kubana kingo zikutane. Ilikuwa ndiyo mikono niliyokosa. Nikaanza tena.

"Unavuta sana," akasema baada ya muda. "Utakata. Vuta kama unakamua ng'ombe mwenye kidonda."

Sijawahi kukamua ng'ombe mwenye kidonda, lakini nilielewa. Aliniambia wao ni Wasukuma, wametoka Shinyanga na ng'ombe wao, wametembea miezi mingi, sasa wako huko ndani, kwenye mbuga. Maziwa anapeleka Igawa kwa mama anayeuza chai.

"Kwa hiyo mmefika," nikasema.

"Mume wangu anasema tumefika." Akageuza tairi kidogo ili nipate mshono. "Na kule tulikopita alisema tumefika. Nikajenga jiko la udongo. Mara tatu nimejenga jiko."

"Umechoka?"

Alifikiri. "Nimechoka kujenga jiko. Kutembea sikuchoka." Kisha akaniuliza, "Na wewe unamfuata mume?"

"Mchumba. Yuko Uyole."

"Amekuita?"

"Hapana."

Alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza, akacheka hadi tairi likamponyoka. "Basi unaenda kumvizia!"

Nikacheka na mimi, na nilipocheka nikahisi machozi yamekaribia. Nikainama juu ya mshono. Akalishika tena tairi. Tulimaliza jua likiwa limepita utosi. Gundi ya zamani kwenye ringi ilikuwa bado inanata kiasi, lakini sikuiamini, nikafunga tairi na ringi kwa vipande vya mpira mahali sita. Kwa hiyo breki ya nyuma sikuweza kuitumia, na mteremko ulikuwa bado. Nikaisukuma mpaka Igawa, yeye na kibuyu chake kichwani, mimi na Kondoo wangu. Alinipeleka kwa yule mama wa chai, akanitambulisha kuwa ni mwalimu anayeshona magurudumu, akanipa kikombe cha maziwa, akaenda zake. Nililala hapo, juu ya mkeka, nikiwa nimepaka ringi solusheni yote iliyobaki.

Siku ya nne, Chimala, Igurusi, milima upande wa kushoto, kisha kupanda, kupanda bila kuisha. Nilifika Uyole saa kumi alasiri, uso mweusi kwa vumbi na moshi wa malori. Nilimkuta mbele ya ghala, amevaa buti za mpira, anasimamia kinamama wanaochambua viazi vya mbegu. Aliinua macho. Rangi ikamtoka.

"Kuna nini? Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki."

"Umekuja na nini?"

"Na hii."

Aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, akatazama suruali ya kaka yangu. Kinamama walikuwa wameacha viazi. Akaja haraka, akaichukua baiskeli mkononi mwangu, akaizungushia nyuma ya ghala. Aliporudi alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli, sisemi halikuwa la kweli. Lakini kwanza aliificha.

Nilikaa kwa shangazi yake siku tatu. "Ugonile," mama yule alinisalimu kila asubuhi, akanitazama miguu iliyovimba, akasikitika kwa Kinyakyusa, akaniongezea ndizi. Mchumba wangu alipata ruhusa, akanionyesha kila kitu. Nyumba ilikuwa nzuri kweli. Alikuwa ameipaka chokaa mwenyewe. Alikuwa amepanda mboga, ametengeneza kabati la vyombo, amenunua taa ya chemli yenye kioo cha akiba. Chumbani palikuwa na meza ndogo dirishani. "Ya kusahihishia madaftari," alisema. Nilishika meza ile. Ilikuwa imepigwa randa mpaka ikawa laini kama sabuni.

Kisha akanitoa nje, akaninyooshea kidole. Ng'ambo ya uwanja, juu ya ua wa michongoma, palionekana paa la shule.

"Nimeshazungumza na mwalimu mkuu. Nafasi ipo. Nimepima kwa miguu, ni dakika mbili kutoka mlangoni." Alikuwa na furaha kama mtoto. "Soko lile pale. Kanisa nyuma ya soko. Zahanati hapo. Hutahangaika tena. Huna haja ya kwenda popote."

Mtu mwingine angesikia mapenzi katika maneno yale, na ni kweli yalikuwa mapenzi. Mimi nilisikia dakika mbili tu. Nilitazama lile paa, nikatazama mlango, nikahesabu hatua bila kutaka. Nikamwambia nyumba ni nzuri sana, amefanya kazi kubwa. Akasema, "Na baiskeli tutaiweka ndani, watoto watakuja kuichezea." Nikaitikia.

Usiku ule sikupata usingizi, na uliofuata vilevile. Siku ya tatu tulisimama njia panda ya Uyole, karibu na magunia ya viazi yanayopakiwa kwenye malori. Nilikuwa nimepanga maneno marefu. Yaliyotoka yalikuwa mawili.

"Mimi siwezi."

Hakuelewa. "Huwezi kuendesha kurudi? Si nimekutafutia lori?"

"Siwezi kuolewa."

Mpakiaji mmoja alitupigia kelele tusogee, tukasogea.

"Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Kuna mtu mwingine huko Iringa."

"Hakuna."

"Basi ni nini? Niambie, nirekebishe. Nyumba? Kama hutaki karibu na shule tutatafuta nyingine."

Nilitaka kumwambia. Naapa nilitaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na sikuwa na maneno ya jambo lile kwa lugha yoyote kati ya nilizojua. Nikasema tu, "Samahani." Akainamisha kichwa, akatazama buti zake. Halafu akafanya jambo ambalo mpaka leo linaniuma kuliko kama angenipiga: aliichukua baiskeli, akaipandisha mwenyewe juu ya lori, akailaza juu ya magunia, akaifunga kwa kamba kila upande kwa uangalifu, akajaribu kama haichezi. Akaniambia mambo ya kwa baba yangu atayazungumza yeye kwa barua, nisihangaike. Akaondoka bila kugeuka.

Nyumbani ilikuwa kama nilivyostahili. Vitu vya mahari vilivyoletwa vilirudishwa. Mama alilia siku moja kisha akaacha, akarudi kwenye kazi zake. Baba hakupiga kelele. Aliacha kusema na mimi. Nilipokuja Jumamosi alitoka, nilipoondoka Jumapili hakuwepo. Alipita karibu yangu kanisani na vitabu vya nyimbo mkononi, akamsalimu aliyekaa kulia kwangu na aliyekaa kushoto. Ilikuwa hivyo Julai yote, mpaka mahindi yakavunwa, mpaka mashamba yakachomwa, mpaka mvua za kwanza.

Mimi nilidhani kwamba sasa nitatulia, kwa kuwa nimeamua. Sikutulia. Niliendelea kutembea kati ya ubao na mlango. Kuna siku niliandika barua ya kumwomba anisamehe na kunipokea, nikaitembeza mfukoni wiki nzima, nikaichana. Kuna siku nilishukuru Mungu. Mara nyingine zote mbili zilikuwa siku moja. Mwaka uliofuata alimwoa mwalimu wa shule ile ile aliyonionyesha, na nilipopata habari nilifurahi, kisha nikaenda kufua nguo.

Matairi yalikwisha. Tyubu zile nyembamba zilianza kuoza, kiraka juu ya kiraka, na hapakuwa na duka Iringa wala Mbeya lenye kitu kama kile. Fundi viatu alijaribu kushonea ndani tyubu ya kawaida iliyopunguzwa, likatokea tairi lenye nundu. Mwisho fundi baiskeli akatoa magurudumu yote mawili na kufunga ya kawaida, mazito, baada ya kupanua uma wa mbele kwa nguvu za mikono. Baiskeli ikawa inavuma vingine kabisa. Niliomba kazi ya kukagua madarasa ya elimu ya watu wazima vijijini, kazi ambayo walimu wengi waliikimbia kwa sababu ya safari, nikaipata.

Jumapili moja ya Novemba, mwaka ule niliorudi kutoka Uyole, kabla sijahamia kwenye kazi hiyo, nilikuwa nyumbani kijijini. Tulikuwa tumekula. Nilikaa, nikasimama, nikakaa. Mama alikuwa anaosha vyombo uani, baba yuko barazani na Biblia yake. Nilitoa baiskeli, nikafunga gauni kiunoni, nikaanza kuisukuma kuelekea njiani.

"Unakwenda wapi?"

Niligeuka kuona anasema na nani. Alikuwa ananitazama mimi.

"Sijui, baba."

Alifunga Biblia, kidole chake kikiwa bado katikati ya kurasa. Aliangalia mawingu upande wa Kilolo, yalikuwa yanajikusanya.

"Mvua itanyesha," akasema. "Chukua koti langu."

Lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, zito, linanuka moshi. Mikono ya koti ilinipita vidole. Nilikunja mikono ile mara mbili, nikapanda.